Bikoni Chini ya Ukuta

Nilianza kushika mnyororo wa mpima ardhi mwaka 1977. Nilikuwa kijana wa miaka 19, nimemaliza kidato cha nne, baba hana karo ya kuniendeleza, na mpima mmoja wa Mombasa alikuwa akitafuta vibarua wanaojua kusoma nambari. Kazi zake nyingi zilikuwa huku kwetu, pwani ya Kilifi. Kuanzia Mtwapa hadi Mambrui ploti za pwani zilikuwa zikipimwa, zikigawanywa na kuuzwa tena kabla zege la bikoni za mipaka halijakauka. Mimi nilibeba fimbo za rangi nyekundu na nyeupe, sururu, ndoo ya zege na panga la kufyekea mstari. Nikifika mwisho wa mnyororo nilimpigia mpima kelele za vipimo, naye akaandika daftarini.

Vijana wa leo wakisikia habari hii huniuliza kama sisi ndio tuliouza bahari. Bahari haikuuzwa. Katika miaka yote niliyofanya kazi ile sikuona ramani hata moja iliyompa mtu maji, wala ule mchanga ambao maji hujaa yakaufunika. Mstari wa ploti ulikoma kwenye alama ya maji makuu. Kilichopotea mbele ya macho yangu, kipande baada ya kipande, ni njia ya kuyafikia hayo maji. Na mtu akiwa na bahari nzima ila hana pa kupitia kuifikia, ana nini?

Asiyekulia Malindi huenda asijue tulivyokuwa tukiitumia pwani. Mwisho wa Shaaban watu walishuka kuvunja jungu, ukoo mzima, na masufuria, mikeka, mabuli ya chai na nyanya zetu wamepandishwa mikokoteni. Siku ya Mwaka wazee waliingia majini alfajiri kuoga mwaka, na watoto nyuma yao. Idd ikiangukia siku za bamvua, maji yalikupwa mbali, mchanga ukabaki mgumu, na vijana wa Shela wakacheza mpira na vijana wa Barani. Wanawake walitoka na vyuma vyao kwenda mwambani kuchokoa pweza. Wagiriama kutoka Ganda na Jilore waliwaleta watoto wenye upele waoge maji ya chumvi. Shule zilikwenda mandari. Yote hayo yalikuwa bure, na hakuna aliyeyahesabu kuwa ni haki, kwa sababu hakuna aliyekuwa amewahi kuyazuia.

Kilifi nako kulikuwa na feri. Kabla daraja halijafunguliwa mwaka 1991, magari yote ya Mombasa na Malindi yalisimama Mnarani au ng'ambo yake yakingoja zamu, na pale palikuwa soko na uwanja wa michezo kwa pamoja. Wauza korosho walipita madirishani, wavulana wakajirusha majini kutoka ukingoni, wasafiri wakashuka kunawa uso. Feri iliondoka, lakini wenyeji bado wanapaita Oldferi, na mpaka leo ni mmoja wa milango michache ambayo mtu wa kawaida aweza kushuka akagusa maji ya Hori ya Kilifi bila kuomba ruhusa. Tafuta sababu, utaikuta ni nyepesi: palikuwa barabara ya serikali. Sehemu kubwa ya ukingo wa hori, huku na huku, ni ploti za watu.

Nieleze kidogo jinsi ploti hizo zilivyopatikana, maana bila hilo mengine hayashiki. Ukanda wa pwani wa maili 10 ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, Waingereza wakiusimamia. Mwaka 1908 ilitungwa sheria ya hati za ardhi, na kila aliyedai shamba humo alitakiwa alete madai yake yaandikwe. Waliojua mambo ya mahakama wakapata hati. Wengi wa Mijikenda, waliokuwa wakilima na kuvua hapo hapo, hawakuandikwa, na ardhi isiyokuwa na mwenye hati ikawa ya Taji, kisha ya Serikali ya Kenya. Ndiyo maana mtu aweza kuzaliwa Kilifi, akazikwa Kilifi, na katikati akaitwa skwota. Mwaka 1978 Bunge lilichapisha ripoti ya kamati yake teule kuhusu umiliki wa ardhi katika ukanda huo, nasi tuliokuwa vichakani na mnyororo tuliisikia redioni tukadhani sasa mambo yatanyooka.

Kanuni za upimaji zinasema kwamba ardhi ya serikali iliyo kando ya bahari ikipimwa ili igawiwe, kwa kawaida huachwa ukanda usiopungua mita 60 juu ya alama ya maji makuu, ubaki kwa matumizi ya serikali. Kinga nzuri hiyo, ila ina matundu mawili. Waziri aliruhusiwa kuupunguza ukanda ule palipo na haja ya maendeleo. Tena kanuni hiyo ni ya ardhi ambayo serikali haijaigawa. Shamba lenye hati ya zamani halimo, na mpaka wake hushuka mpaka maji yanapofika. Kwa hiyo ukitembea mchangani kutoka Mayungu kwenda Watamu unapita mbele ya ploti iliyoacha nafasi, kisha mbele ya nyingine ambayo ukuta wake unalambwa na mawimbi, na zote mbili zina karatasi halali.

Kati ya ploti na ploti tuliacha njia. Kwenye ramani ni mistari miwili myembamba inayotoka barabarani mpaka baharini, na kila pembe ina bikoni: nondo imesimikwa katika zege, au pale penye mwamba, imetobolewa ndani ya tumbawe lenyewe. Mpima wangu alikuwa mkali juu ya njia hizo kuliko juu ya ploti. Mwenye ploti, alituambia, atalinda mpaka wake mwenyewe. Njia haina wa kuilinda.

Sasa nifike kwenye lile lililotokea mwaka 1984. Ni kijiji cha wavuvi kusini mwa Malindi, sitakitaja, kwa sababu waliohusika wana watoto na wajukuu wanaoishi pamoja leo. Kijiji kilikuwa na njia moja ya pwani. Ilipita katikati ya mikorosho, ikashuka penye gema dogo, ikatokea kwenye banda la samaki na mahali pa kuvutia mitumbwi. Ploti mbili zilizoipakana zilinunuliwa na mtu mmoja, mgeni, naye akaziunganisha kwa ukuta wa mawe ya kuchonga wenye vipande vya chupa juu. Njia ikawa ndani. Mbele pakawekwa geti la chuma na askari.

Wavuvi walivumilia mwanzoni. Walipewa ruhusa ya kupita saa 12 asubuhi mpaka saa 12 jioni, lakini mvuvi haendi kwa saa ya ukutani, huenda na maji. Maji yakijaa saa 9 usiku, saa 9 usiku ndiyo asubuhi yake. Ikabidi wazunguke kupitia mwambani, mwendo mrefu, na maji yakiwa makubwa hawapiti kabisa. Samaki wa usiku wakawa wanafika sokoni wamelegea.

Kilichowasha moto ni kuvunja jungu. Shaaban mwaka ule ilikuwa Mei, kusi imeshaanza kuvuma, mwani umejaa ufukweni, na nchi iko katika njaa ile ambayo wengi wanaikumbuka kwa mahindi ya manjano. Hata hivyo wanawake wa kijiji walichanga mchele, wakapata nyama ya mbuzi, wakashuka na masufuria vichwani. Mimi nilikuwa nyumbani mwisho wa wiki, nimefuatana na shangazi yangu aliyeolewa pale. Tukalikuta geti limefungwa. Askari alikuwa kijana wa kijiji hicho hicho.

Mkunga mmoja mzee akatangulia, akamwita kijana kwa jina la utotoni. Akamwambia, "Wewe nilikupokea kwa mikono hii, hata mama yako hajakuona. Hebu fungua mwanangu, pilau litapoa."

Yule kijana aliinamisha kichwa. "Mama, nimeambiwa nisifungue leo. Nikifungua, kesho sina kazi, na kule nyumbani mnakujua kulivyo."

Hakuna aliyemtukana. Wanawake walitandika mikeka nje ya geti, chini ya mkorosho uliosalia upande wa barabara, wakapakua hapo hapo, vumbi la matatu likipita juu ya chakula. Kijana naye akapelekewa sahani kupitia vyuma vya geti. Aliipokea kwa mikono miwili. Tuliyasikia mawimbi yakipiga nyuma ya ukuta, na watoto wakawa wanauliza tunashuka lini. Nimeona dhuluma kubwa kuliko hiyo katika maisha yangu, watu wamebomolewa nyumba, watu wamepigwa. Lakini ile ndiyo iliyoniingia.

Jioni ile mwenyekiti wa wavuvi, mzee asiyejua kusoma, alinijia. "Mwanangu, wewe ndiwe unayeshika hizo karatasi za ardhi. Hebu niambie, njia yetu imeandikwa, au ni ya mdomo tu?"

Nilimpelekea mpima swali lile Jumatatu. Hakusita. Alisema ramani ya upimaji ikishasajiliwa si siri ya mtu, ukilipa ada unapewa nakala, na akaniandikia nambari yake katika kijikaratasi. Wavuvi wakachanga. Tulipoifungua nakala ile bandani, juu ya meza ya kupimia samaki, mistari miwili ilikuwapo, kutoka barabarani mpaka alama ya maji makuu, na katikati yake hapana nambari ya ploti. Mzee aliweka kidole juu yake, akakiburuta polepole mpaka baharini, akarudia tena.

Ilichukua wiki nyingi za barua na kwenda na kurudi kabla D.O., yaani afisa wa tarafa, hajakubali kuja mwenyewe. Siku hiyo alikuwapo chifu, wazee, wanawake wengi kuliko wanaume, na wakala wa mwenye ploti, mwenyewe hakuja. Mpima alikuja bila malipo. Tulianzia kwenye bikoni ya barabarani, iliyokuwa chini ya mkwaju, tukavuta mnyororo kufuata ramani. Kipimo kilituleta kwenye ukuta. Mpima akanionyesha mahali, nikachimba. Udongo wa juu, kisha changarawe ya wajenzi, kisha sururu ikalia. Nikainama nikaondoa mchanga kwa mikono. Nondo ilikuwa imesimama katika zege lake la zamani, nusu iko wazi na nusu imemezwa na msingi wa ukuta. Waliomwaga msingi waliiona. Zege jipya lilikuwa limeizunguka.

Wakala alisema chuma chaweza kuwekwa popote na yeyote. Mpima hakujibizana naye. Akapima kutoka pale mpaka bikoni ya tatu, upande wa pili wa njia, kisha ya nne iliyotobolewa kwenye tumbawe karibu na gema, na zote zikakaa pale ramani iliposema. D.O. akaangalia, akaandika. Amri yake haikuwa ya kuvunja ukuta, na wapo waliokasirika kwa hilo mpaka leo. Aliamuru geti lipanuliwe na lisifungwe mchana wala usiku. Usiku ule ule mitumbwi ilishukia hapo.

Ningeweza kuishia hapo nikaiita hadithi ya ushindi, ila nimeishi muda mrefu nikaona yaliyofuata. Miaka ya tisini, baada ya daraja la Kilifi, bei za ploti zilipanda na hati zikabadilishana mikono upesi. Nimerudi kwenye njia nyingi tulizoziacha zamani. Baadhi ni bustani. Moja ina bwawa la kuogelea, mita chache kutoka bahari ya Mungu. Nyingine imepewa nambari ikawa ploti kamili. Tume ya Ndung'u, iliyoundwa mwaka 2003 na kukabidhi ripoti yake mwaka uliofuata, ilieleza jinsi ardhi ya umma nchini ilivyogawiwa kinyume cha sheria, na nilipoisoma sikushangaa: hifadhi za barabara, viwanja vya shule, kandokando ya bahari. Huko Magarini, kwenye mashamba ya chumvi ya kuanzia Gongoni hadi Marereni, Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilikwenda kuwasikiliza wananchi mwaka 2005, na miongoni mwa malalamiko yaliyotolewa ni hilo hilo la njia za baharini kuzibwa.

Lakini njia ya kile kijiji ipo. Imebanwa na maua ya bogenvilia na waya wa umeme, geti lilikwisha ondoka, na ukikutana na mtu aliyebeba nyavu lazima mmoja asimame kando. Ipo. Nimejiuliza sana kwa nini hiyo ibaki na ile jirani yake ife, nazo zimo katika ramani moja, nimezisimikia bikoni kwa mkono mmoja. Jawabu langu ni kwamba ile iliyokufa haikuwa na kijiji nyuma yake. Tuliichora kwa kufuata kanuni, na hakuna aliyekuwa akiipita kila siku. Ukuta ulipoizuia hakuna aliyelia. Njia iliyobaki ilikuwa na karatasi na ilikuwa na miguu, na viwili hivyo vilihitajiana: bila karatasi D.O. asingekuja, bila miguu karatasi ingeozea kabatini Mombasa.

Sheria yenyewe inakubaliana nami zaidi ya watu wanavyodhani. Sheria yetu ya ukomo wa madai inamtambua mtu aliyepita njia waziwazi, kwa amani, kama mwenye haki, miaka 20 bila kukatizwa. Wamarekani wa jimbo la Oregon walipigania jambo kama hili baada ya mwenye hoteli kuzungushia ua mchanga mwaka 1966. Mwaka uliofuata wakatunga sheria ya kulinda fuo zao, na mwaka 1969 mahakama yao ya juu ikasema mchanga ule ni wa watu kwa sababu ya mazoea, kwa kuwa watu wameutumia tangu hapo kale. Mazoea! Kama mazoea ya watu wa Oregon yana uzito mahakamani, mazoea ya watu wa Malindi, waliokuwa wakishuka pwani kabla Vasco da Gama hajatia nanga mwaka 1498, yana uzito gani? Nasi tumepata Katiba ya 2010 ambayo kifungu chake cha 62 kinaiweka ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa, pamoja na mito na maziwa, katika mali ya umma. Yaani mchanga ni wetu kwa maandishi makubwa kabisa. Njia ya kuufikia ndiyo bado inaachiwa bahati.

Kuna jambo jipya linalonisumbua, nalo liko Malindi mjini. Mto Sabaki huteremsha udongo kutoka nyanda za Ukambani na Tsavo. Masika maji ya ghuba yote huwa rangi ya matofali. Udongo ule hukaa. Nilipokuwa kijana kulikuwa na hoteli ambazo mawimbi ya bamvua yalipiga ngazi zake. Leo mbele yake pana uwanja mpana wa mchanga, vilima vyenye nyasi, na mtu hutembea mwendo mzuri kabla hajalowa miguu. Ardhi ile haikuwapo tulipopima. Haimo katika ramani yoyote niliyoishikia mnyororo. Bikoni za zamani ziko nyuma kabisa, maji makuu yako mbele, na katikati ni ardhi iliyozaliwa na mto. Nimeona tayari vigingi vya mbao vikisimikwa humo, na kamba kutoka kigingi kimoja hadi kingine. Kwa macho yangu mimi hiyo ni ardhi ya umma, mahali ambapo watoto wa Malindi wangepata uwanja wa michezo mkubwa kuliko ulioko popote katika kaunti hii. Ikipewa nambari kwanza, tutakuja kuipigania kwa miaka 30.

Mwaka jana vijana wa kamati ya wavuvi, hizi zinazoitwa BMU tangu kanuni za mwaka 2007, walikuja kwangu na simu zao. Wanazunguka kijiji kwa kijiji, wanaipita kila njia ya pwani wakiirekodi kwa setilaiti, wakimpiga picha mzee anayeijua na kuandika ushuhuda wake: ilianza kutumika lini, nani alipita, ilizibwa mwaka gani. Niliwapa ile nakala ya 1984, imechanika penye mikunjo, na daftari langu la nambari za bikoni. Kisha tukaenda pamoja. Wengi wao walidhani bikoni ni jiwe la mwenye ploti. Hawakujua kwamba zile za pembeni mwa njia zinawalinda wao. Njia ya kijiji kile tuliipima upya kwa kifaa chao, na bikoni ya ukutani iko bado, kutu imeila lakini haijang'oka. Sasa wanaandaa maombi kwa Tume ya Taifa ya Ardhi, chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012 inayozungumzia njia za umma, ili kila njia iandikishwe kwa nambari yake yenyewe. Wameniambia nitaitwa kuthibitisha saini yangu na vipimo vyangu. Nimewajibu waharakishe, nina miaka 67, na mkwaju ule wa barabarani umeshakatwa.